Mahakama Inayokwenda Shambani

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kijiji kimoja cha wakulima nchini Uingereza kinachoitwa Laxton. Kiko katika mkoa wa Nottinghamshire, si mbali na msitu wa Sherwood, ule unaotajwa katika hadithi za Robin Hood. Ukifika hapo utaona kanisa la kale la mawe, baa moja, na nyumba za wakulima za matofali mekundu zilizojipanga kandokando ya barabara ya kijiji. Hakuna kiwanda wala soko kubwa. Lakini kila mwaka, baridi inapoanza kuingia, wakulima wa Laxton hufanya kazi moja ambayo karibu vijiji vyote vya nchi ile viliiacha zamani, nami naona kazi hiyo inawahusu sana watu wanaolima na kufuga katika nchi zetu za Afrika Mashariki.

Kazi yenyewe ni hii. Alhamisi moja mwishoni mwa Novemba, wazee wa baraza wapatao 12, wote wakulima wa pale pale, hupanda trela linalokokotwa na trekta wakaenda kukagua shamba lililopandwa ngano. Ni shamba kubwa, na ndani yake hamna ua wala seng'enge. Limegawanywa ngwe kwa ngwe, kila ngwe na mwenyewe. Kinachotenganisha ngwe ya huyu na ya jirani yake ni mtaro wa plau na kigingi cha mti kilichochomekwa mwishoni. Wazee hupita ngwe moja baada ya nyingine. Pale kigingi kilipooza au kilipong'olewa, hupima upya na kuchomeka kingine. Huangalia kama kuna mtu aliyemega njia ya wote, au aliyepitisha plau hadi kwenye nyasi za kijiji, au aliyeacha mfereji wake ukaziba, maji yakatuama kwa mwenzake. Wakiona kosa huliandika. Kisha hurudi kijijini, wakala pamoja.

Wiki moja baadaye mahakama ya kijiji inakaa, ndani ya ile baa, iitwayo Dovecote. Anayeiongoza ni mwakilishi wa mwenye ardhi. Huyaita majina ya wote wanaopaswa kuhudhuria, na asiyefika hutozwa faini ndogo. Makosa yaliyoandikwa shambani husomwa kwa sauti, faini hutajwa, na baraza jipya huapishwa kwa ajili ya shamba la mwaka unaofuata. Faini zenyewe hazimfilisi mtu. Aibu ya kusomwa jina lako mbele ya watu utakaopishana nao njiani kesho asubuhi ndiyo inayomfanya mkulima ageuze trekta kabla ya kufika kwenye kigingi.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni maonyesho ya kuwafurahisha watalii. Sivyo. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kufuta mamlaka ya mahakama za kale za namna hii nchini kote, mahakama zilizoanza enzi za makabaila. Katika kuzifuta, sheria iliitaja mahakama ya Laxton kwa jina na kuiacha na mamlaka yake. Kwa hiyo hukumu inayotolewa pale katikati ya meza za baa ni hukumu halali.

Sasa ili tuelewe kwa nini kijiji kihitaji mahakama ya aina hii, lazima tuone jinsi mashamba yake yalivyopangwa. Laxton ina mashamba matatu makubwa ya wazi: Shamba la Magharibi, Shamba la Kusini na Shamba la Kinu. Kwa pamoja ni karibu ekari 500. Kwa desturi, kila mwaka shamba moja hupandwa ngano kabla ya baridi kali, la pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, kama shayiri au maharage, na la tatu hupumzishwa. Mwaka unaofuata yanabadilishana zamu. Siku hizi lile linalopumzika mara nyingi huoteshwa majani ya mifugo, lakini mzunguko ni ule ule wa miaka mitatu ambao mababu waliufuata.

Kila mkulima ana ngwe katika mashamba yote matatu, nazo zimetawanyika. Mtu wa mjini akitazama atasema huu ni usumbufu: kwa nini mtu ahangaike na vipande hapa na pale badala ya kuwa na shamba lake moja? Lakini udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito, na si kila upande uko sawa. Kuna mteremko unaopitisha maji vizuri na kuna mahali panapogeuka tope. Ngwe zikitawanywa, hakuna atakayepewa tope tupu, wala hakuna atakayejitwalia udongo mzuri wote. Mvua ikiharibu upande mmoja, kila nyumba inapoteza kidogo na kila nyumba inabaki na kidogo.

Lakini mpango huu unamfunga kila mtu kwa jirani yake. Zamani, mavuno yakishaingia ghalani, mifugo ya kijiji kizima iliachiwa shambani ile mabua, na hapo hapo iache samadi. Aliyechelewa kuvuna aliwachelewesha ng'ombe wa wote. Aliyepanda zao lake la peke yake aliliona likiliwa na ng'ombe wa wenzake. Ndiyo maana kulikuwa na kanuni za lini shamba lifungwe na lini lifunguliwe, idadi ya mifugo ambayo kila nyumba iliruhusiwa kupeleka, na hata mtu maalumu wa kukamata mnyama aliyepotea na kumtia katika zizi la kijiji hadi mwenyewe aje kumkomboa. Kati ya mashamba kuna vijibonde vya nyasi visivyolimika kwa plau. Navyo ni vya pamoja. Kila kiangazi nyasi za vijibonde hivyo hupigwa mnada, anayeshinda hufyeka na kukausha kwa ajili ya mifugo yake. Kwa kuwa havijawahi kulimwa wala kuwekewa mbolea nyingi ya dukani, vimejaa maua ya porini ambayo kwingineko yametoweka, na leo serikali inavilinda kama eneo maalumu la uhifadhi.

Mpangilio wa nyumba nao umetokana na hapo hapo. Mkulima ambaye ngwe zake ziko kila upande hana sababu ya kujenga katikati ya shamba. Kwa hiyo wote walijenga kijijini, ghala hadi ghala, wakaonana kila siku. Katika vijiji vingi vya Uingereza mashamba yalipokusanywa na kuzungushiwa ua, wakulima wakubwa walihama wakaenda kujenga peke yao mbali. Wakulima wa Laxton walibaki kijijini.

Kijiji hiki ni cha kale. Kimo katika daftari la Domesday la mwaka 1086, ile hesabu ya ardhi ambayo Mfalme William aliagiza baada ya kuiteka Uingereza. Daftari linasema ardhi ilikuwa ya mtu aitwaye Toki kabla ya uvamizi, na baada yake ikawa ya Geoffrey Alselin, mmoja wa watu waliokuja na mfalme mpya. Upande wa kaskazini wa kijiji bado kuna kilima kikubwa cha udongo kilichorundikwa kwa mikono ya watu, na juu yake ilisimama ngome ya makabaila waliokimiliki kijiji. Tusisahau jambo hilo. Watu waliolima ngwe zile kwa karne nyingi hawakuwa huru. Wengi walikuwa watwana wa bwana wao, wakimlimia shamba lake kwanza ndipo walime yao. Mahakama yenyewe ilikuwa ya bwana. Ila bwana hakujua mpaka wa kila ngwe ulipo. Waliojua ni wakulima, na kwa kuwa waliojua ni wao, walioamua mambo ya kila siku pia walikuwa wao.

Mwaka 1635 mfanyabiashara tajiri wa London, Sir William Courten, aliyekuwa ameinunua Laxton, alimwajiri mpimaji ardhi aitwaye Mark Pierce achore ramani ya kijiji kizima. Ramani hiyo ipo hadi leo katika maktaba ya Bodleian, mjini Oxford. Kila ngwe imechorwa, na kitabu kinachoambatana nayo kinataja mwenye kila ngwe. Kinachonivutia zaidi ni kwamba Pierce alichora na watu: huyu anafuata plau, yule anapanda, wale wanavuna, wengine wanakusanya nyasi. Ni nadra sana kwa mkulima wa kawaida wa karne ile kuonekana akifanya kazi yake kwenye karatasi rasmi. Na anayeishika ramani hiyo akasimama Laxton leo anaweza bado kutambua barabara, mashamba na baadhi ya mipaka ile ile.

Kwingineko nchini humo ramani za aina hiyo zilikuja kutumika kwa kazi nyingine. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuvunja mashamba ya wazi na malisho ya wote, kuyagawa, na kuyazungushia ua. Jumla ilikuwa ekari milioni 6.8 hivi, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Uingereza yote. Mwenye ardhi kubwa alipata shamba moja lililokusanyika vizuri, na mavuno mara nyingi yaliongezeka. Lakini mwenye ngwe mbili tatu alilipishwa gharama za wapimaji na za kuotesha ua, akashindwa, akauza. Na yule asiyekuwa na ngwe hata moja, ambaye miaka yote alifuga ng'ombe mmoja na bata bukini kwenye malisho ya kijiji na kuokota kuni vichakani, mara nyingi hakupata kitu. Alitumia haki ambayo baba yake na babu yake waliitumia, lakini hakuwa na karatasi. Mshairi John Clare, mtoto wa kibarua wa mashambani kutoka kijiji cha Helpston, alikuwa kijana wakati sheria ya kukigawa kijiji chao ilipopitishwa mwaka 1809. Uchungu wa kuona njia za utotoni zikizibwa haukumtoka maisha yake yote, na tungo zake ni ushahidi.

Laxton iliponeaje? Si kwamba mabwana wake walikuwa na huruma kuliko wengine. Ardhi ilikuwa chini ya familia kubwa mbili, ya Lodi Manvers na ya Lodi Scarbrough, na ngwe zao zilichanganyikana. Sehemu fulani za kijiji zilizungushiwa ua katika karne ya 18, lakini kuyamaliza mashamba yote kulihitaji familia mbili kukubaliana na kutumia fedha nyingi, nazo hazikukubaliana. Miaka ikapita. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lodi Manvers alipunguza idadi ya ngwe kwa kuziunganisha ziwe kubwa zaidi, lakini mashamba matatu na mahakama vikabaki. Kufikia hapo Laxton ilikuwa karibu peke yake.

Mwaka 1952 Lodi Manvers aliamua kuuza. Serikali ya Uingereza, kupitia Wizara ya Kilimo, ikainunua Laxton kwa ahadi ya kuyahifadhi mashamba yake ya wazi. Waliona, na walikuwa sahihi, kwamba hekima ya karne nyingi haifai kupotea kwa sababu tu mwenye ardhi anahitaji pesa.

Wasikilizaji, naomba mwaka huo muuweke akilini. Ni mwezi Oktoba wa mwaka 1952 ambapo serikali hiyo hiyo ilitangaza hali ya hatari katika koloni lake la Kenya ili kuzima uasi. Miaka miwili baadaye, 1954, ukatolewa mpango wa Roger Swynnerton, afisa wa kilimo aliyewahi kufanya kazi Tanganyika kabla ya kuhamishiwa Kenya. Swynnerton aliangalia milima ya Kiambu, Murang'a na Nyeri akakuta watu wana vipande vya ardhi vilivyotawanyika: kimoja juu mteremkoni, kingine bondeni karibu na mto, kingine ng'ambo. Sababu zilikuwa zile zile za Laxton, yaani kugawana udongo mzuri na mbaya, na kutokuweka matumaini yote mahali pamoja. Ugomvi wa mpaka uliamuliwa na wazee wa kiama, yaani baraza la Wakikuyu, waliojua historia ya kila mbari. Lakini huku Kenya jambo hilo liliitwa kurudi nyuma. Mpango ukaagiza vipande vikusanywe, kila mwenye ardhi apewe shamba moja na hati moja. Na Swynnerton alisema wazi kwamba wakulima wenye uwezo wataongeza ardhi na wengine wataikosa kabisa, naye akaiona hiyo kuwa hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi.

Hatuwezi kusema mpango ule haukuleta faida. Waafrika waliokuwa wamezuiwa kwa muda mrefu kulima kahawa wakaruhusiwa, na thamani ya mazao ya wakulima wadogo ilipanda kutoka pauni milioni 5 hivi mwaka 1955 hadi pauni milioni 14 mwaka 1964. Wapo waliosomesha watoto kwa kahawa ile. Lakini ardhi ilipimwa wakati watu zaidi ya milioni moja wamehamishiwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, na makumi ya maelfu wako vizuizini. Kamati za ardhi ziliketi bila wao. Wengi waliporudi walikuta vipande vyao vimeingia katika hati ya mwingine. Hili linaniuma kila ninapolisoma. Ofisi za serikali moja, katika miaka ile ile, zililipia kulinda ngwe za wakulima wa Nottinghamshire na kufuta ngwe za wakulima wa Murang'a.

Turudi Laxton. Mwaka 1981 wizara iliiuza kwa taasisi inayosimamia mali za Ufalme, na mwaka 2020 kijiji kikarudi kwenye milki ya Thoresby, ambayo ndiyo ya ukoo wa Lodi Manvers wa zamani. Kila mauzo yalileta wasiwasi kijijini, na wasiwasi haujaisha. Mashine za kisasa ni pana, ngwe ni nyembamba. Vijana ni wachache. Familia ya mkulima haiwezi kuishi kwa ngwe peke yake, hivyo kila mmoja ana pia shamba la kawaida lenye ua. Na baraza linahitaji watu wanaolima kweli. Familia za wakulima zikipungua, wa kuapishwa nao watapungua.

Liko jambo jingine linalounganisha kijiji hiki na Afrika Mashariki, nami siwezi kulipita. Mwaka 1995 familia moja ilifungua Laxton kituo cha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, chenye bustani ya mawaridi. Vijana wawili wa familia hiyo, Stephen na James Smith, baadaye waliunda shirika la Aegis Trust, na ni shirika hilo lililoshirikiana na Jiji la Kigali kujenga makumbusho ya mauaji ya kimbari pale Gisozi, yaliyofunguliwa Aprili 2004. Zaidi ya watu 250,000 wamezikwa hapo. Wanyarwanda wanaokwenda Gisozi kuwaombea ndugu zao wanasimama mahali ambapo mawazo yake kwa sehemu yalianzia katika kijiji hiki cha ngwe na vigingi.

Nimalizie na kile ninachotaka tukichukue kutoka kwa wakulima hawa. Tanzania tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na ndani yake liko Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe saba, na si chini ya watatu wawe wanawake. Ni sheria nzuri, na kwa habari ya wanawake iko mbele. Lakini angalieni baraza letu linafanyaje kazi. Linasubiri. Watu wanagombana kwanza, shina la mpaka linang'olewa, ng'ombe wanaingia kwenye mahindi, mapanga yanatoka, ndipo baraza linaitwa kusuluhisha. Kule Kilosa, Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Ugomvi wa namna ile haukui kwa siku moja. Unaanza na hatua mbili za plau, na njia ya mifugo iliyomegwa mwaka hadi mwaka bila mtu kusema.

Baraza la Laxton haliketi kusubiri mlalamikaji. Linakwenda shambani kila mwaka, liwe limelalamikiwa au halijalalamikiwa, na linakwenda likiwa na vigingi mkononi. Nadhani vijiji vyetu vingeweza kuanza hivyo bila kungoja sheria mpya. Baada ya mavuno, kabla ya mvua za vuli, wajumbe saba watoke pamoja na mkulima mmoja au wawili wa kila kitongoji na wafugaji wawili wanaozijua njia za kwenda majini. Wapite mipaka ya malisho, wapite njia za ng'ombe, wapite kingo za mito, wachomeke vigingi pale vilipopotea, waandike. Halafu siku ya mkutano mkuu wa kijiji, orodha isomwe kwa sauti, majina yote, mbele ya watu wote. Gharama yake ni siku moja ya kutembea, mzigo wa miti na chakula cha mchana.